Bibi Kassebaum na Kura za Katikati



Katika vikundi vya kisomo tunaulizwa mara nyingi swali hili: Mbunge mzuri ni yupi? Je, ni yule anayefuata chama chake katika kila jambo? Au ni yule anayepinga kila jambo? Na huyu wa katikati je? Wapo wanaosema mtu wa katikati ni kama popo, si ndege wala si mnyama.

Leo tutaeleza habari za mbunge mmoja wa Marekani aliyestaafu, Bibi Nancy Kassebaum. Alikaa bungeni miaka 18, na muda wote huo alijulikana kama mtu wa siasa za wastani. Tumemchagua kwa sababu kura yake moja iliihusu Afrika, na hasa ndugu zetu wa Afrika Kusini.

Alikotoka

Bibi Kassebaum alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Kansas. Kansas iko katikati ya Marekani. Ni nchi ya wakulima, inayosifika kwa ngano na ng'ombe. Baba yake, Alf Landon, alikuwa gavana wa jimbo hilo. Mwaka 1936 aligombea urais kwa Chama cha Republican akashindwa vibaya sana na Rais Roosevelt. Basi binti huyu alikua akijua kwamba katika siasa kuna kushinda na kuna kushindwa.

Alisoma hadi Chuo Kikuu, akaolewa, akalea watoto wanne. Kazi yake ya kwanza ya uongozi haikuwa kubwa. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule katika mji mdogo uitwao Maize, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mahindi. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya seneta mmoja wa Kansas. Seneta huyo alipoamua kustaafu, Bibi Kassebaum akagombea nafasi yake mwaka 1978, akashinda.

Kabla yake walikuwako wanawake katika Seneti, lakini wengi waliingia kwa kurithi viti vya waume zao. Yeye alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwa kipindi kizima bila ya kuwa na mume aliyetangulia bungeni. Mwanzoni mwa mwaka 1979 alikuwa mwanamke peke yake kati ya maseneta 100.

Seneti ni nini?

Bunge la Marekani linaitwa Kongresi. Lina mabaraza mawili. Moja ni Baraza la Wawakilishi, la pili ni Seneti. Kila jimbo, likiwa kubwa au dogo, hupeleka maseneta wawili. Majimbo ni 50, kwa hiyo maseneta ni 100. Kila mmoja huchaguliwa kwa miaka sita.

Sheria ikipita katika mabaraza yote mawili hupelekwa kwa Rais aitie sahihi. Rais anaweza kuikataa. Lakini mambo hayaishii hapo. Kila baraza likiipigia sheria hiyo kura upya na kupata theluthi mbili ya kura, basi imekuwa sheria, Rais apende asipende. Tafadhali likumbuke jambo hili la theluthi mbili, maana tutalirudia.

Kura ya mwaka 1986

Tangu mwaka 1981 hadi 1987 Bibi Kassebaum alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya Afrika. Huo ulikuwa wakati mgumu. Afrika Kusini ilikuwa inatawaliwa na Makaburu kwa siasa ya ubaguzi wa rangi. Nelson Mandela alikuwa gerezani. Wakimbizi walikuwa wanaingia nchi jirani na kufika hata kwetu Tanzania. Shule ya wapigania uhuru wa ANC ilijengwa Mazimbu, Morogoro, ikapewa jina la kijana Solomon Mahlangu aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979.

Rais wa Marekani wakati huo alikuwa Ronald Reagan, wa Chama cha Republican, chama cha Bibi Kassebaum. Rais Reagan alisema kwamba ni afadhali kuzungumza na Makaburu kirafiki ili wabadilike polepole. Bibi Kassebaum naye mwanzoni hakuwa mwepesi wa kuunga mkono vikwazo vya uchumi. Lakini aliendelea kuitazama hali. Mwishoni mwa mwaka 1984 yeye na Seneta Richard Lugar, wa chama hicho hicho, walimwandikia Rais wakimtaka aupinge ubaguzi kwa sauti kubwa zaidi.

Hali Afrika Kusini ilizidi kuwa mbaya. Watu waliuawa, maelfu wakafungwa. Mwaka 1986 Kongresi ikapitisha sheria ya vikwazo. Sheria ilikataza makampuni ya Marekani kupeleka mitaji mipya Afrika Kusini. Ilikataza pia kununua chuma, makaa ya mawe na mazao ya shamba kutoka huko. Tarehe 26 Septemba Rais Reagan akaikataa. Baraza la Wawakilishi likaipitisha upya. Ikabaki Seneti.

Hebu tupige hesabu. Tarehe 2 Oktoba 1986 walipiga kura maseneta 99. Theluthi mbili ya 99 ni 66. Chama cha Democrat, kilichopinga siasa ya Rais, kilikuwa na maseneta 47 tu. Hata wote wakisema ndiyo, zinapungua kura 19. Zitoke wapi? Zilikuwa hazina pa kutoka ila katika chama cha Rais mwenyewe.

Zilitoka. Maseneta 31 wa Republican walipiga kura kumpinga Rais wao, na Bibi Kassebaum alikuwa mmoja wao. Jumla ikawa kura 78 kwa 21. Sheria ikapita. Seneta mwenzake wa Kansas, Bob Dole, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama chao katika Seneti, alibaki upande wa Rais. Watu wawili wa jimbo moja na chama kimoja, kura mbalimbali!

Tusidanganyane, vikwazo vya Marekani peke yake havikuung'oa ubaguzi. Walioung'oa ni wananchi wa Afrika Kusini wenyewe, wakisaidiwa na marafiki wengi. Lakini mlango mmoja mkubwa wa fedha ulibanwa. Mandela alitoka gerezani Februari 1990, na Aprili 1994 watu wa rangi zote walipiga kura.

Kupinga na kupatana

Mwaka 1989 Rais George Bush, huyu baba, alimteua John Tower awe Waziri wa Ulinzi. Seneti ilimkataa kwa kura 53 kwa 47. Katika chama chote cha Republican, aliyemkataa ni mmoja tu: Bibi Kassebaum. Kusimama peke yako mbele ya wenzako wote si kazi ya popo.

Lakini mtu wa wastani hasifiwi kwa kupinga tu. Kazi yake kubwa ni kupatanisha. Mwaka 1995 Bibi Kassebaum alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kazi na ustawi wa watu. Alishirikiana na Seneta Edward Kennedy wa Democrat kutunga sheria ya bima ya afya.

Shida ilikuwa hivi. Wamarekani wengi hupata bima kwa njia ya kazi zao. Wakati ule mtu akihama kazi aliweza kupoteza bima. Na kama alikuwa tayari mgonjwa, bima mpya iliweza kukataa kulipia ugonjwa ule. Kwa hiyo watu waliogopa kuacha kazi. Sheria ya Kassebaum na Kennedy iliwalinda watu kama hao. Haikumpa kila Mmarekani bima, la. Kama wangedai hivyo wasingepata kitu. Walidai kinachowezekana, na mwezi Aprili 1996 Seneti ikaipitisha kwa kura 100 kwa 0. Rais Bill Clinton aliitia sahihi mwezi Agosti. Haba na haba hujaza kibaba.

Lawama nazo zipo

Je, siasa za wastani hazina ubaya? Zinao. Ubaya wake mkubwa ni kuchelewa. Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia London mwezi Juni 1959, wakati wito wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini ulipoanza huko. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1986. Hiyo ni miaka 27. Anayepimapima katika ofisi nzuri hapigwi na polisi. Anayepigwa ni yule anayengojea uamuzi wake.

Kwa hiyo tusiseme kwamba katikati ni pazuri siku zote. Kati ya mwizi na mwenye mali hakuna katikati. Tunachoweza kumsifia Bibi Kassebaum ni kwamba alipoona ukweli hakuona haya kuhama mahali alipokuwa amesimama.

Alistaafu Januari 1997. Miaka iliyofuata chama chake kilizidi kuwabana watu wa wastani. Mwaka 2018, akiwa na miaka 86, alimuunga mkono mgombea ugavana wa Democrat, Bibi Laura Kelly, dhidi ya mgombea wa chama chake mwenyewe. Bibi Kelly alishinda.

Tunajifunza nini?

Tunajifunza kwamba msimamo si kupiga kelele. Mtu wa wastani wa kweli huchunguza, huamua, kisha hupiga kura hadharani na kuukubali mzigo wake. Mtu wa wastani wa uongo hungoja aone upepo unavuma wapi. Kwa nje wanafanana. Ukitaka kuwatofautisha usiwasikilize maneno, tazama kura zao siku ile ambayo kura ilikuwa na gharama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kama maseneta wote wa Republican wangemfuata Rais wao mwaka 1986, sheria ingepata kura ngapi?
2. Je, ni afadhali sheria yenye faida ndogo inayopita, au yenye faida kubwa isiyopita?
3. Katika mkutano wa kijiji chenu, ni jambo gani linalofaa kupatanishwa, na ni lipi lisilofaa kabisa?