Bomba moja la moshi kwa gari la silinda sita: Hesabu kwanza, kuchomelea baadaye

MAGARI ya Toyota Mark X, yaliyoingia nchini kwa wingi kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, hutumia injini ya V6 na huwa na mabomba mawili ya moshi yanayotokeza nyuma.

Hewa ya chumvi ya pwani huyala mabomba hayo upesi. Safari fupi za kisiwani huzidisha madhara, kwani sailensa haipati joto la kutosha kukausha maji yanayobaki ndani. Ndipo mwenye gari, akiogopa gharama ya kununua pande zote mbili, humtaka fundi amtengenezee bomba moja.

Kazi hiyo yawezekana, ila haitaki kukisia.

Katika injini ya V6 ya aina hiyo, mlipuko hutokea kila kombo inapozunguka nyuzi 120, na milipuko hupokezana baina ya safu mbili za silinda. Kwa hiyo kila upande hutoa pigo la moshi kila baada ya nyuzi 240. Pande hizo zikiunganishwa vyema, mapigo hufuatana kwa zamu bila kugongana, na kila pigo likipita huacha nyuma yake mvuto unaolisaidia linalofuata. V8 nyingi hazina bahati hiyo, maana mapigo ya kila upande hayaji kwa nafasi sawa.

Kosa kubwa huwa kwenye kipenyo. Mabomba mawili ya inchi 2 hayalingani na bomba moja la inchi 4. Kinachopitisha moshi ni eneo la tundu, nalo hukua kwa mraba wa kipenyo. Hivyo inchi 2 huzidishwa kwa 1.41, na jibu ni inchi 2.8 hivi. Bomba la inchi 2.75 kwa kipimo cha ndani latosha. La inchi 2.5 hupunguza eneo kwa zaidi ya moja ya tano, na injini itasongwa mwendo ukiwa mkali. La inchi 4 huzidisha uzito na kelele bila faida.

Makutano yawe na umbo la Y lenye pembe kali, wala si T. Yawekwe baada ya vichujio vya katalisti, na vihisi vya oksijeni viachwe mahali pake, la sivyo taa ya injini itawaka kwenye dashibodi.

Chuma nacho hurefuka kwa joto. Bomba la mita 3.5 likipanda joto kwa nyuzi 300 huongezeka takriban milimita 13, na la chuma kisichoshika kutu hufikia 18. Fundi asiyeweka kipande kinachonyumbuka na mipira ya kuning'inizia atauona mshono ukipasuka. Bomba lisining'inie chini mno pia: matuta ya barabarani na njia ya kuingilia feri ya Likoni havina huruma.

Kisha kuna mlio. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, V6 hutoa mapigo 120 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo mzito unaochosha abiria. Tawi lililozibwa mwisho, lenye urefu wa karibu mita 1, huweza kuufisha.

Mji wa Kale hausamehe kelele. Nyumba za mawe ya matumbawe kando ya Ndia Kuu zimesongamana, na sauti hurudishwa na kuta hadi vyumba vya kulala na misikitini. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Anayeondoa sailensa ili gari lisikike huwaumiza majirani na hapati nguvu ya maana.

Hatari kubwa zaidi haisikiki. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mshono unaovuja chini ya sakafu huweza kuiingiza ndani ya gari na kuua. Kabla ya kulipa, mwenye gari adai jaribio: injini iungurume polepole mahali pa wazi, mdomo wa bomba uzibwe kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, na fundi asikilize kila kiungo. Penye mlio wa kufoka, pachomelewe upya.