Kuonja mvinyo na kutema: Si maringo, ni mizani ya biashara

MARA ya kwanza nilipomwona mtu akizungusha mvinyo kwenye glasi, akaunusa, akapiga funda moja kisha akalitema, nilidhani ni maringo tu. Nilikuwa nimerejea Burundi baada ya miaka ya shule uhamishoni Kigoma, na niliona uchungu: kinywaji cha bei ile, anakitema!

Kumbe mwenzangu alikuwa kazini.

Ndugu msomaji, desturi hii haikuanzia hotelini. Ni ya maghala ya chini ya ardhi huko Ufaransa, ambako mnunuzi alionja pipa kwa pipa kabla ya kutoa pesa. Watu wa Burgundy walitumia kikombe kidogo bapa cha madini ya fedha, tastevin, chenye vibonyeo vilivyoakisi mwanga wa mshumaa ili rangi ionekane gizani. Mwaka 1934, pale Nuits-Saint-Georges, kikaanzishwa chama chenye jina la kikombe hicho.

Macho hutangulia, kisha pua, ulimi mwisho. Anayeonja mapipa arobaini asipotema, la ishirini atalisifia bure.

Na yule mhudumu anayemtilia mwenyeji kidogo kwanza? Haulizi kama ameupenda. Anataka ajue kama umeharibiwa na kizibo, maana mvinyo wa hivyo hunuka boksi lililoloa. Kwetu pia anayekukaribisha urwarwa huutangulia yeye mrija, ila sababu yetu ni nyingine: uone hakuna sumu.

Lakini ulimi nao hudanganywa na lebo. Ninyi mnaovusha bidhaa pale Mugina mnajua, mteja husoma jina kabla ya kuonja. Tarehe 24 Mei 1976 jijini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwapa waamuzi tisa Wafaransa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha majina. Kila mmoja alitoa alama kati ya 20. Majina yalipofichuliwa, Chateau Montelena ya mwaka 1973 ilikuwa ya kwanza kwa mvinyo mweupe, na Stag's Leap ya 1973 kwa mwekundu. Zote za Marekani! Mwamuzi mmoja, Odette Kahn, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama. Mwandishi wa habari aliyehudhuria alikuwa mmoja tu, George Taber wa jarida la Time, kwa kuwa wengine waliona matokeo yanajulikana.

Utaratibu huo wa kuficha majina ndio uliofika kwenye kahawa yetu. Mashindano ya Cup of Excellence yalifanyika Rwanda mwaka 2008, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na Burundi mwaka 2012. Waonjaji hufyonza kahawa kwa kijiko kwa kelele, hutema, huandika alama. Zinazoshinda huuzwa kwa mnada. Kahawa ya mkulima wa Kayanza huwekwa mezani ikiwa na namba tu. Wanaoionja hawajui ni ya tajiri au ya mjane mwenye miche mia mbili.