Redio Kol Inayokwaruza Ikipata Joto

Redio kol ya zamani ambayo sauti yake huwa safi inapowashwa, kisha huanza kukwaruza baada ya nusu saa, mara nyingi ina kifaa kimoja kinachobadilika tabia kwa joto: transista ya kikuza sauti, yaani sehemu inayoipa sauti nguvu, kapasita, yaani kihifadhi chaji, ambayo majimaji yake yamekauka kwa miaka mingi, au mchomeleo wa risasi uliopata ufa. Fundi makini hujaribu kwanza spika nyingine, kisha hupasha joto kifaa kimoja kimoja kwa mashine ya kukaushia nywele na kukipoza kwa dawa ya kupulizia ya kupozea vifaa vya umeme, mpaka sauti ibadilike ghafla. Kifaa hicho ndicho cha kubadilishwa, au, kama ni mchomeleo wenye ufa, kuchomelewa upya. Redio nzima haistahili kutupwa.