Mtoto Arudipo Kutoka Shuleni

Leo twataka kuzungumza juu ya saa ile mtoto aingiapo nyumbani kutoka shuleni, tangu alasiri hata wakati wa kulala. Wengi wetu twaidhania kuwa saa ya kubadili sare, kumaliza kazi za mwalimu na kula. Kumbe ni saa ya shule nyingine, na walimu wake ni sisi.

Siku moja mtoto wetu wa Gredi ya Nne aliingia, akautupa mkoba, akamsukuma mdogo wake hata akaanguka. Sisi tulikuwa tumechoka. Tulimkaripia, tukamwamuru aende kulala, wala hatukumwuliza neno. Baada ya siku tatu mama yake ndiye aliyepata habari: rafiki yake wa dawati moja alikuwa amehama na wazazi wake, wala hawakuagana. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alitazama chini tu. Alikwisha kujifunza kwamba baba haambiwi mambo ya moyoni. Somo hilo tulimfundisha sisi wenyewe.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tumpokee kabla ya kumhoji. Nabii Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, alipewa chakula na maji, akalala, akala tena. Kuulizwa kulikuja baadaye, kule Horebu. Mtoto mwenye njaa na uchovu hawezi kujieleza vema. Kikombe cha uji na nafasi ya kucheza kidogo hufungua kinywa kuliko makaripio.

Pili, tumsaidie kuyapa majina yaliyomo moyoni. Watoto wengi husema "nimekasirika" kwa kila jambo. Lakini chini ya hasira huenda kuna aibu, wivu, hofu au huzuni, na kila moja ina dawa yake. Mwenye aibu ahitaji kutiwa moyo. Mwenye hofu ahitaji kulindwa. Wakati wa chakula cha jioni kila mmoja, hata baba, na ataje jambo moja lililomfurahisha na moja lililomwumiza.

Tatu, tumwonyeshe jinsi ya kutulia. Hasira ikipanda, moyo huenda mbio na pumzi hufupika. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi, mara tano au sita, ndipo aseme. Tusishangae akisahau, kwa maana sehemu ya ubongo inayopima mambo kabla ya kutenda huendelea kukomaa hata kupita umri wa miaka 20. Hujifunza utulivu kwa kuutazama wetu.

Nne, tumpe kazi zilizo kipimo chake: kufua soksi zake, kusaidia jikoni, kwenda dukani na kuhesabu chenji. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za maisha, miongoni mwao kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwahurumia wengine na kuzimudu hisia. Hizi hazipatikani kwa kukariri, bali kwa kutenda. Tena ajue kusema hapana kwa yeyote atakaye kumgusa vibaya, hata awe jamaa, na ajue ni nani wa kumwambia. Hapa Kenya mtoto aweza pia kupiga simu 116 bila malipo.

Wengine watasema, "Sisi tulilelewa kwa fimbo, na tulikua." Ni kweli. Lakini ni mangapi tuliyoyameza bila kumwambia mtu, nayo leo yatutoka juu ya watoto wetu? Viboko viliondolewa shuleni kwa sheria mwaka 2001; visimngoje nyumbani. Wala hatusemi mtoto asirudiwe. Wetu alimwomba mdogo wake msamaha, kama ilivyompasa. Nasi jioni ile tuliketi kitandani pake, tukamwomba yeye msamaha. Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kutusimulia habari za rafiki yake, hata usiku ukawa mkubwa.

Ndugu wapendwa, leo jioni mlango utafunguliwa tena. Mungu atujalie masikio kabla ya ulimi. Amina.