Gitaa likorome bila kuunguza spika

Jioni ya Jumamosi pale Himo, kuanzia Njia Panda hadi barabara ya kupandia Marangu, sauti za spika hazikosekani. Kuna baa, kuna kumbi za harusi, kuna makanisa yanayofanya mazoezi ya Jumapili. Katika sehemu kama hizo hakosi kijana mwenye gitaa la umeme na amplifaya ya transista, mara nyingi ya mkono wa pili, ambaye anataka kitu kimoja tu: solo lake likorome. Hataki ile sauti safi inayometa tuliyoizoea katika muziki wa dansi. Anataka sauti nzito, yenye kukwaruza kidogo, inayovuta na kulia kama mtu. Wapigaji huiita distosheni. Basi anazungusha nobu ya sauti hadi mwisho, na anachokipata ni kelele za nyuki ndani ya debe. Miezi michache baadaye yuko kwa fundi, spika imeungua.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi kijana huyo anavyoweza kuipata sauti anayoitaka kwa amplifaya ileile aliyo nayo.

Wako watakaosema kwamba gitaa la kukoroma si muziki wetu. Hilo si kweli. Katika miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilipiga muziki uliochanganya Afrika na roki, na rekodi zake zilitolewa upya mwaka 2016 kwa jina la Ave Africa. Miaka hiyohiyo jirani zetu wa Zambia walikuwa na WITCH, Amanaz na Paul Ngozi, wakipiga muziki ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina la Zamrock, na humo magitaa yanakoroma kwelikweli. Kwa hiyo kijana wa Himo haombi kitu cha ajabu.

Sasa tatizo liko wapi? Sauti ya gitaa ndani ya amplifaya ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Kila amplifaya ina kikomo chake cha kulikuza wimbi hilo. Kukoroma maana yake ni kulisukuma wimbi hadi ligonge kikomo. Linavyogonga ndiko kunakotofautisha sauti nzuri na kelele.

Nenda soko la mazao ukaangalie debe la mahindi. Likijaa, muuzaji hupitisha kijiti juu, na kilichozidi ukingo chote huanguka. Ndivyo transista za mwisho katika amplifaya, zile zinazoisukuma spika, zinavyolifanyia wimbi. Hadi kufikia ukingo sauti ni safi kabisa, na punde ukingo ukifikiwa, kichwa cha wimbi kinakatwa bapa. Pembe kali zinazobaki pale lilipokatwa huzaa sauti nyingi ndogondogo za juu ambazo hukuzipiga wewe. Hao ndio nyuki. Amplifaya za zamani za valvu zina tabia ya gunia la lumbesa: ukizidi kulijaza linatuna, linapokea kidogo, tena kidogo, wala huwezi kuonyesha kwa kidole mahali hasa lilipogoma. Wimbi linabaki na kichwa cha mviringo, na sikio linakipenda. (Lumbesa yenyewe ni dhuluma kwa mkulima, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Na spika inaunguaje? Wimbi likikatwa hadi kuwa la mraba, hubeba nguvu mara mbili ya wimbi la kawaida lenye kimo hichohicho. Amplifaya iliyoandikwa wati 100 inaweza basi kuisukumia spika karibu wati 200, na kwa kuwa sehemu ya ziada hiyo ni sauti za juu, spika ndogo za juu hutangulia kufa. Jambo hili huwa baya zaidi jioni umeme unaposhuka. Amplifaya nyingi za kawaida hazina kitu cha kusawazisha umeme unaolisha transista za mwisho. Volti 230 zikishuka hadi 180, wati zako 100 safi zinabaki kama 60 hivi. Ukingo wa debe umeshushwa bila wewe kuambiwa, nawe nobu umeiacha palepale.

Ushauri unaosikika sana ni kwamba mtu anunue amplifaya ya valvu. Mimi siuafiki. Ni ghali, ni nzito, na valvu huchoka zikahitaji kubadilishwa. Tena wapo mabingwa waliotamba na transista. B.B. King, yule mfalme wa bluzi, alipiga kwa miaka mingi na amplifaya ya transista iitwayo Lab Series L5. Dimebag Darrell wa bendi ya Pantera, ambaye gitaa lake lilikoroma kuliko trekta, alijijengea jina kwa amplifaya za transista za Randall.

Siri yao ni kwamba kukoroma kulitengenezwa mapema, mahali penye umeme mdogo, na sehemu ya mwisho ya amplifaya ikaachiwa nafasi ya kupumua. Kazi hiyo hufanywa ama na kijisanduku cha kukanyagia, yaani pedali, ama na nobu iliyoandikwa Gain kwenye amplifaya yenyewe. Mfano mashuhuri ni pedali ya Ibanez Tube Screamer, ya Kijapani, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake hamna valvu hata moja licha ya jina lake. Kuna daiodi ndogo zilizopangwa ili zianze kulibana wimbi mapema na kwa upole. Kabla ya kulibana, pedali hupunguza besi, kwa sababu besi ikikoromeshwa huwa tope. Baada ya kulibana, hupunguza ukali wa juu. Kanuni hiyo, besi ipungue kabla na ukali upungue baada, ndiyo inayofanya kazi katika pedali nyingi nzuri, ziwe za jina kubwa au za kuundwa na fundi.

Tuseme basi unayo pedali. Ianze ikiwa imezimwa. Piga nyuzi zote kwa nguvu kama utakavyopiga jukwaani, ukipandisha sauti ya amplifaya taratibu. Ikianza kukwaruza, irudishe nyuma kidogo na uiache hapo. Sasa washa pedali, weka nobu ya kukoroma robo au nusu, usizidishe, na kiwango cha kutoka kiwe kikubwa kidogo tu kuliko gitaa likiwa safi. Kama ni nobu za Gain na Master, fanya vivyo hivyo: Gain nusu, Master chini ya pale transista za mwisho zinapogoma. Vijana wengi hukoromesha mno. Nyumbani inapendeza, lakini ukumbini kila noti inafanana na mwenzake.

Kosa jingine linaanzia chumbani. Sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu halisikii vizuri besi wala sauti kali, kwa hiyo mpigaji huzipandisha zote mbili na kuziua za kati. Akifika kwenye bendi, besi inamezwa na gitaa la besi, ukali unamezwa na matoazi ya drami, na solo halisikiki. Rekebisha sauti kwa kiwango utakachopigia, na sauti za kati ziachwe juu.

Makanisani na maharusini gitaa mara nyingi huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya vipaza sauti. Hapo hata pedali nzuri hukwaruza kama msumeno. Spika ya gitaa, ile ya karatasi ya inchi 12, haitoi sauti nyingi juu ya hezi 5,000 hivi, nayo kwa kufanya hivyo inachuja makali. Spika za ukumbini zenye pembe huendelea hadi hezi 15,000 na zaidi, kwa hiyo hazichuji kitu. Dawa ni kuweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya gitaa na kupeleka sauti hiyo kwenye mikisa. Kama hakuna maikrofoni ya ziada, punguza sana trebo ya gitaa kwenye mikisa.

Wanakwaya watanielewa nikisema hivi: do na so zikikoromeshwa pamoja hubaki zikisikika wazi, lakini ukiongeza mi zinaanza kugombana. Kwa hiyo rithim ipigwe safi, na solo ndilo likorome, kwa uzi mmoja au mbili.

Limebaki suala la mvumo, kwa sababu pedali inayokuza gitaa hukuza na mvumo wa umeme. Wapo wanaong'oa pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo upungue. Hiyo ni hatari ya kifo. Mwezi Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows kutoka Uskoti, alipigwa na umeme jukwaani huko Swansea alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ethi, akafa. Vyombo vyote vya jukwaani vichomekwe kwenye soketi za njia moja, gitaa likae mbali na transfoma ya amplifaya, waya mbovu wa gitaa ubadilishwe, na pini ya ethi iachwe mahali pake.