Rangi za Tarakilishi na Amana ya Mjenzi



Mwanangu anayesomea uhandisi wa ujenzi alirudi likizoni, akafungua tarakilishi yake barazani na kunionyesha boriti ya zege iliyopakwa rangi: buluu penye mkazo mdogo, nyekundu palipoelemewa. Nikamwuliza, "Wajuaje kuwa rangi hizi zasema kweli?" Akajibu, "Baba, programu ndiyo iliyohesabu." Jawabu hilo halikunituliza, kwani chini ya boriti hukaa watu.

Nikamtaka anieleze. Njia hiyo, ambayo Ray Clough wa Berkeley, Marekani, aliipa mwaka 1960 jina la elementi zenye kikomo, hugawa umbo gumu katika vipande vidogo vinavyoungana kwenye vifundo. Kila kipande huandikiwa milinganyo yake, kisha yote hukusanywa na kutatuliwa pamoja, ijulikane kila kifundo kitasogea kiasi gani. Kutokana na misogeo hiyo hupatikana mkazo. Hivyo basi, jawabu ni makadirio. Vipande vikiwa vikubwa mno au vimepinda, makadirio hupotoka, na rangi hubaki kupendeza vilevile.

Yaliyotokea Norwei yanatosha kuwa funzo. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger, kitako cha zege cha jukwaa la Sleipner A kilikuwa kikizamishwa polepole kwa majaribio. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na jengo zima likazama. Hakufa mtu, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kuwa vipande vilivyochorwa kwenye tarakilishi havikufaa, na nguvu ya kukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu iliyorudiwa kwa makini ilionyesha kuwa ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65.

Sisi wa madrasa tulifunzwa jambo hili katika mirathi. Marehemu akiacha mke, mama na mwana wa kiume, mafungu ni 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Mwalimu hakupokea ubao kabla hatujajumlisha mafungu yakarudi 24.

Nikamwambia mwanangu naye ajumlishe. Uzito wote unaoshuka juu ya boriti sharti ulingane na nguvu za nguzo zinazoupokea. Akachukua kalamu na karatasi, na kabla ya adhana ya alasiri akainua kichwa: "Baba, hazilingani. Nimesahau uzito wa zege lenyewe."

Akarekebisha, akavigawa vipande viwe vidogo zaidi, akarudia mpaka jawabu likaacha kubadilika. Nyekundu ilikuwa imeenea zaidi.

Wazazi wenzangu, tusiwazuie watoto wetu elimu hizi, bali tuwazoeze kuhakiki. Tarakilishi haitaulizwa nyumba ikianguka. Ataulizwa aliyepewa amana.