Seneti Si Jirani wa Bunge

Hivi karibuni niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi fupi la tafsiri lililohusu habari za siasa. Karibu nusu yao waliandika "Bunge na Seneti", kana kwamba hayo ni mambo mawili yasiyochangia ukoo. Nilipouliza sababu, mmoja alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, wabunge wako Bungeni na maseneta wako Seneti. Kosa liko wapi?"

Sikumlaumu. Watangazaji wetu, na hata waheshimiwa wenyewe, husema vivyo hivyo. Hata hivyo, kifungu cha 93 cha Katiba ya 2010 chasema wazi kwamba Bunge la Kenya ni Bunge la Taifa pamoja na Seneti. Asemaye "Bunge na Seneti", basi, ni kama asemaye "mwili na mkono".

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni ukaidi wa wanaisimu, watu wanaokesha wakichambua viambishi. Laiti lingekuwa suala la viambishi tu! Mazoea haya yana chimbuko lake. Wakati wa uhuru mwaka 1963 tulikuwa na Baraza la Wawakilishi lenye viti 117 vya majimbo, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Mwishoni mwa 1966 sheria ilipitishwa ya kuifuta Seneti. Mabaraza yakaunganishwa na viti vikawa 158. Sisi tuliosoma GHC katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikariri wabunge 188 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa, wala hatukulisikia neno "seneta" ila katika habari za Marekani. Mwaka 2013 Seneti ilirudi, lakini ndimi zetu zilibaki katika Bunge la baraza moja.

Leo Bunge la Taifa lina wanachama 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina 67: maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16, vijana wawili na wawakilishi wawili wa walemavu. Katika miswada ya kaunti kila kaunti ina kura moja tu, hivyo Lamu ni sawa na Nairobi. Ndiyo maana mwaka 2020 maseneta walikwama kwa majuma mengi juu ya namna ya kuzigawia kaunti fedha: wenye watu wengi hawakuweza kuwameza wenye watu wachache. Seneti pia ndiyo isikilizayo mashtaka ya kuwaondoa magavana, na mwaka 2024 ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua baada ya Bunge la Taifa kumshtaki.

Penye utata hasa ni neno moja dogo: "kuhusu". Seneti hushiriki katika kupitisha miswada "inayohusu" serikali za kaunti. Je, mswada wa afya unahusu kaunti, ilhali hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti? Kilimo je? Kifungu cha 110 chawataka maspika wawili walitatue swali hilo kwa pamoja kabla mswada haujajadiliwa. Mwaka 2013 Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 258; Bunge la Taifa likashikilia bilioni 210, na Rais akatia sahihi kiasi hicho kidogo. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikatengua sehemu ya uamuzi huo. Haya yote yametokana na kitenzi ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukitumia bila kukitafakari! Lakini atakionaje kuwa na uzito ikiwa tumemfundisha kwamba Bunge ni lile baraza moja, na Seneti ni jirani anayebisha hodi?

Kuhusu nani yuko juu na nani yuko chini, ubishi unaopendwa sana na wanasiasa, Katiba haina maneno hayo.

Niliwarudishia wanafunzi karatasi zao. Yule bwana alifuta, akaandika "Bunge la Taifa na Seneti", kisha akainua mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, seneta naye ni mbunge?"

Nikamwambia kwamba kikatiba ndiyo, bila shaka. Lakini amwite hivyo hadharani, aone atakavyonuna.